Mlinzi wa saa 12: ovataimu inayobaki getini

Saa 12 jioni malindo yanapokezana Dar es Salaam nzima, kuanzia maghala ya barabara ya Pugu hadi mageti ya Masaki. Anayeingia atatoka saa 12 asubuhi, na mwisho wa mwezi atapokea mshahara uleule ulioandikwa kwenye mkataba. Kampuni nyingi huita hiyo "shifti moja", na walinzi wengi wameshaamini kwamba kazi ya ulinzi ndivyo ilivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haisemi hivyo. Kwa Tanzania Bara, saa za kawaida haziruhusiwi kuzidi 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki, wala 45 kwa wiki nzima. Zinazopita hapo ni ovataimu, nayo hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha saa. Siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu ya serikali hulipwa mara mbili.

Tufanye hesabu, maana bila tarakimu madai hugeuka manung'uniko. Kanuni imo kwenye jedwali la sheria yenyewe: mshahara wa mwezi gawanya kwa 4.333 upate wa wiki, kisha wa wiki gawanya kwa 45 upate wa saa. Njia ya mkato ni kugawanya wa mwezi kwa 195. Kwa kiwango cha siku, gawanya kwa 26.

Chukua mshahara wa Sh 390,000, tulioutumia kwa sababu unagawanyika vizuri. Saa moja ni Sh 2,000, ovataimu ni Sh 3,000. Usiku sita kwa saa 12 ni saa 72. Toa 45, zinabaki 27 kila wiki, sawa na Sh 81,000. Kwa mwezi ni kama Sh 351,000. Yaani ovataimu isiyolipwa inakaribia kuwa mshahara wa pili. Juu yake kuna nyongeza ya usiku: asilimia 5 ya kiwango cha saa kwa kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Saa 10 kwa Sh 100 ni Sh 1,000 kila usiku, na kwa saa zile ambazo ni ovataimu asilimia hiyo inapigwa juu ya Sh 3,000, si 2,000.

Bosi atasema mna saa moja ya kula. Ni kweli sheria inatoa dakika 60 baada ya saa 5 za kazi mfululizo, na saa hiyo hailipwi ukiwa huru. Lakini mlinzi anayekula ubwabwa wake hukohuko getini, mkono mmoja ukiwa kwenye kamba ya geti, hajapumzika. Ukitakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi wakati wa mapumziko, saa hiyo inalipwa. Andika kwenye daftari kama kulikuwa na mtu wa kukupokea au la.

Kuna karatasi nyingine hutolewa kama kinga: makubaliano ya kubana wiki, ambapo mtu anafanya hadi saa 12 kwa siku bila ovataimu. Yapo kisheria, ila lazima yawe ya maandishi, yasizidi siku 5 kwa wiki, na saa za kawaida zibaki 45. Usiku sita kwa wiki tayari umeyavunja. Isitoshe, hata ovataimu inayolipwa ina kikomo: saa 50 katika kila wiki nne. Yule mlinzi wetu ana 108.

Penye shida kubwa ni ushahidi. Kitabu cha matukio, ile OB ya lindoni, ndicho shahidi wako wa kwanza, na ni mali ya kampuni. Ukifukuzwa leo, kesho hukioni. Kwa hiyo kuwa na daftari lako mwenyewe: tarehe, jina la lindo, saa ya kuingia, saa ya kutoka, nani alikupokea, na msimamizi gani alipita na saa ngapi. Liandike siku hiyohiyo. Daftari lililojazwa kwa mkupuo, kalamu moja na mwandiko mmoja kwa miezi sita, si wewe tu unayelitambua. Msuluhishi wa mgogoro wako naye analitambua. Kama simu zinaruhusiwa lindoni, piga picha ya ukurasa wa OB wenye saini yako. Tunza pia ratiba za malindo zinazotumwa kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu wasimamizi wengi hawazihesabu kama nyaraka.

Kukosa mkataba kusikutishe. Mwajiri ndiye anayepaswa kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi, na kesi ikifika mbele bila yeye kuyaleta, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti unalodai lilikuwepo unakuwa wake.

Sasa kudai. Anza na barua fupi yenye hesabu yako, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kupokea, tuma posta kwa rejista na utunze risiti. Wape siku 7, si zaidi, kwa sababu saa ya sheria haisimami kwa kuwa unasubiri majibu. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inataka mgogoro wa kuachishwa kazi ufunguliwe ndani ya siku 30, na migogoro mingine, ovataimu ikiwemo, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Hapa ndipo wengi wanapoangukia: mtu anavumilia miaka mitatu, anafukuzwa, ndipo anakuja na deni lote. Ukichelewa, unaomba kuongezewa muda kwa fomu namba 2, ukieleza umechelewa siku ngapi na kwa nini. "Nilikuwa nazungumza na bosi" ni sababu dhaifu.

Fomu ya kufungulia ni namba 1. Isaini, mpelekee mwajiri nakala kwanza, halafu iwasilishe CMA pamoja na uthibitisho kwamba ameipata. Jina la mwajiri liwe la kampuni iliyokuajiri, kama lilivyo kwenye mkataba au taarifa yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, si la benki au hoteli uliyokuwa unalinda. Kosa hilo moja linaua mashauri mengi. Taja kila kitu unachodai na kiasi chake, maana usichokiandika kwenye fomu ni vigumu kukiingiza baadaye. Sehemu B ya fomu hiyo ni ya walioachishwa kazi tu. Siku ya usuluhishi fika; mlalamikaji asipofika, shauri linaweza kufutwa. Huhitaji wakili, kiongozi wa chama cha wafanyakazi anaweza kusimama nawe.

Ukiwa kwenye hesabu, kagua na makato. NSSF ni asilimia 20, na kwako haiwezi kutoka zaidi ya 10. Omba taarifa ya michango kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu kukatwa na kuwasilishwa ni mambo mawili tofauti. Mfuko wa fidia, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake. Ukiona WCF kwenye hati yako ya mshahara kama makato, hiyo ni dosari ya kuuliza siku hiyohiyo. Na kifaa kikiibwa lindoni, hawaruhusiwi kukukata wanavyotaka: lazima ukubali kwa maandishi, upewe nafasi ya kujieleza, uwe na kosa kweli, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kwa mfano wetu ni Sh 97,500.

Mtu mmoja akidai saa zake, mara nyingi anahamishiwa lindo la mbali. Kumi wakidai pamoja ni habari nyingine. Walinzi wa makampuni binafsi wana chama chao, TUPSE, na kujiunga ni kujaza fomu ya TUF 6 inayomruhusu mwajiri kukata ada. Wanachama 10 hadi 20 kazini wana haki ya wawakilishi watatu.

Siku ya kuondoka, watakuwekea mezani karatasi yenye maneno "sina madai yoyote" kabla ya kukupa hundi. Soma kwanza kilichomo: siku za likizo zilizobaki kati ya 28, notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia kama mwajiri ndiye amevunja ajira. Kwa miaka mitatu kwenye mfano wetu ni Sh 315,000. Mkataba wa mwaka mmoja ukiisha wenyewe kwa muda wake, kiinua mgongo hicho hakilipwi, ndiyo maana kampuni fulani hupenda kuwasainisha upya kila Januari. Kama kiasi hakijakamilika, pokea fedha, na juu ya saini yako andika kwa kalamu: "Nimepokea sehemu tu, ovataimu bado."