Kabla hujapulizia kitalu, ng'oa mche uoshe mizizi

Ninyi mnaoanza kazi ya miche huku Elburgon na Molo, huenda mkakabidhiwa pampu ya mgongoni kabla hamjashika jembe. Mimi nilianza hivyo. Na neno letu lenyewe hutuponza: dawa ya magugu, dawa ya baridi ya viazi (ule ugonjwa wa kuozesha majani), dawa ya udongo, zote ni dawa, na mtu akisikia dawa hudhani kuna kitu kinapona.

Mwaka wangu wa kwanza miche ya paini ilikuwa ikioza shingoni na kulala chini, kitanda kizima kwa siku mbili. Nikaagizwa niumwagie udongo formalini, dawa ya kuua vijidudu, niufunike kwa nailoni, kisha niuache upigwe na hewa kabla ya kupanda tena. Macho yalinichoma wiki nzima, lakini kuoza kukakoma, nami nikatembea kifua mbele. Kufikia wiki ya tisa hivi sindano za miche zikawa zambarau na kimo kikagoma. Nikaona ni njaa, nikatia DAP, mbolea yenye fosforasi na amonia. Hali ikawa mbaya zaidi.

Mama mmoja aliyejaza mifuko pale tangu usichana wake aling'oa mche wangu, akauosha kwenye ndoo, akaulaza kiganjani mwangu kando ya mwingine uliojiotea chini ya mpaini mkongwe. Ule wa msituni ulikuwa na vijizizi vifupi, vinene, vimegawanyika kama manati, vimevaa utando mweupe. Mizizi ya wangu ilikuwa mitupu kama uzi wa kushonea. Akaniambia, "Kijana, umefukuza wapishi, sasa unaongeza unga."

Utando ule ni kuvu. Mti huulisha sukari, nao hupeleka nyuzi zake mahali ambapo mzizi haufiki na kurudisha fosforasi, ambayo udongo wetu wa volkano huing'ang'ania kwelikweli. Formalini haikuchagua kati ya kuvu hao na wale wa kuozesha shingo. Iliwapunguza pia bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti (aina ya naitrojeni ambayo mizizi huinywa), nao ni wazito kurudi, na mimi nikaja na mbolea yenye amonia juu yake.

Tulichota debe la udongo wa juu chini ya mipaini yenye afya, tukachanganya sehemu moja kwa kumi. Ilichukua miezi, na miche mingi niliitupa. Ombeni ruhusa kabla ya kuchota, na msiguse chini ya mti mgonjwa. Siku hizi kuoza shingoni napambana nako kwa kumwagilia asubuhi, kupunguza kivuli na kutobananisha mbegu. Saipresi ni habari nyingine: kuvu wake huishi ndani ya mzizi, kwa hiyo msitafute utando mweupe mkaukosa mkadhani hayupo.

Mkitoka kitaluni kwenda shambani mtakutana na glaifoseti, dawa ya magugu. Huua mmea kwa kuzuia kimeng'enya (protini inayoendesha kazi ndani ya mwili) ambacho binadamu hana, ndiyo maana watu huiona salama. Kuvu wana kimeng'enya hicho, na bakteria wengi vilevile. Wataumia kiasi gani hutegemea kipimo na udongo, lakini lipo jambo ambalo halitegemei bahati: ukiua majani yote kwa mpigo, hakuna mzizi wa kunywa naitrojeni inayoachiliwa na uozo. Huko Hubbard Brook, Marekani, watafiti walikata msitu wa bonde moja mwaka 1965, wakazuia machipukizi kwa dawa kwa miaka mitatu. Naitreti kwenye kijito ilipanda zaidi ya mara 40. Nikikumbuka kwamba Mto Njoro hushuka kutoka Mau hadi Ziwa Nakuru, mimi hufyeka duara kuzunguka kila mche, palipobaki naacha nyasi.

Wanaopanda viazi kati ya miti michanga waulizeni wanatumia dawa gani ya baridi. Ya shaba haiozi. Msimu huu inakaa juu ya ile ya msimu uliopita.

Kila mnapopulizia, acheni mstari mmoja bila dawa, mchomeke kijiti chenye kitambaa. Baada ya miezi mitatu ng'oeni mche mmoja kila upande, mwoshe kwenye ndoo moja. Msimamizi akilalamika kwamba mstari ule una magugu, mwonyesheni mizizi.