Maswali Yenu ya Nyumba: Laminati Haioshwi kwa Ndoo

Mvua zimeanza kusini, na barua za Mtwara na Lindi kuhusu sakafu za laminati zimetufikia kwa wingi. Tumechagua nne. Mbili zinahusu maji, na hatushangai.

*Nimepanga nyumba hapa Shangani, Mtwara. Sebuleni kuna sakafu ya laminati. Msichana wa kazi anaideki kila asubuhi kwa maji na sabuni ya unga, kama tulivyozoea kudeki marumaru. Sasa kingo za mbao zimeinuka, hata vidole vinajikwaa. Je, zikikauka zitarudi chini? (Mama mpangaji, Shangani)*

Pole sana, mama. Zilizofura hazirudi.

Laminati kwa macho ni mbao, lakini ndani ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi na joto. Juu ya unga huo kuna karatasi yenye picha ya mbao, na juu ya karatasi kuna tabaka gumu la melamini ambalo ndilo tunalolikanyaga. Tabaka hilo halipitishi maji. Maji hupenya kwenye maungio, ubao unapokutana na mwenzake. Yakiingia humo, unga huyanywa na kufura kama mkate uliochovywa kwenye chai, na hata ukikauka, gundi iliyoushika imeshaachia. Akija fundi akasema atazipiga msasa kingo hizo, mkatalie. Atakula picha yote na kukuachia unga wa kahawia.

Kabla ya kubadilisha mbao, jua kwanza maji yalikotoka. Kingo zikiinuka kwenye maungio, katikati ya chumba, chanzo ni deki. Ikiwa sakafu imevimba kama kilima na ukiikanyaga inabonyea kama godoro, kosa ni la ufundi: hakukuachwa nafasi ukutani. Laminati hutanuka hewa ikiwa na unyevu, na hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo inataka uwazi wa milimita 8 hadi 10 kila upande, unaofichwa na skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta. Ng'oa kipande kimoja cha skatingi uchungulie. Ubao ukiwa umegusa ukuta, umeshapata jibu. Ikiwa ubovu umeanzia chini na kuna harufu ya ukungu, unyevu unapanda kutoka kwenye zege. Funua mbao chache, ubandike kwa utepe wa gundi kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45 juu ya zege tupu, ukiache siku nzima. Ukikuta matone chini ya nailoni, usirudishie sakafu mpaka fundi atandike nailoni nzito chumba kizima, vipande vikipandana sentimita 20.

Kuhusu deki yenyewe, fanyeni hivi. Fagieni kwanza mpaka mchanga uishe. Katika lita 5 za maji tieni kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, si zaidi, kwa sababu sabuni nyingi huacha utando unaonasa vumbi na kuifanya sakafu ionekane chafu saa moja baada ya kudekiwa. Sabuni ya unga achaneni nayo, kwani chembe zisizoyeyuka hukwaruza. Chovyeni tambara, likamueni kwa nguvu zote, kisha libonyezeni kwenye kiganja. Kiganja kikihisi ubaridi bila tone kudondoka, tambara liko tayari. Futeni kufuata urefu wa mbao, eneo dogo dogo, mkipitisha tambara kavu nyuma yake. Sehemu ikibaki na maji zaidi ya dakika moja au mbili, tambara lilikuwa na maji mengi. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Siku nyingine fagieni tu.

*Nyumba yetu iko Mikindani, karibu na ufukwe. Sakafu haina hata mwaka lakini imepauka njiani kutoka mlangoni hadi kwenye kochi. Naweza kuipiga vanishi au ile polishi nyekundu ya sakafu ya saruji? (Msomaji, Mikindani)*

Usiipake chochote. Vanishi haishiki juu ya melamini na itabanduka vipande vipande. Polishi ya saruji itaacha utelezi utakaomwangusha mzee au mtoto, na kuitoa ni kazi ya siku nzima.

Kinachoimaliza sakafu yako ni mchanga. Chembe ya mchanga wa bahari ni kitu kigumu sana, na kila kiatu kinachoingia kinafanya kazi ya msasa, ndiyo maana imepauka njiani tu. Weka mkeka wa kamba za nazi nje ya mlango na kapeti ndogo ndani, uikung'ute nje kila siku. Viatu vibaki barazani, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za pwani. Fagia kwa ufagio wenye nywele laini. Miguu ya viti na meza ivalishwe vipande vya blanketi kuukuu vilivyogundishwa, uvibadilishe vikishanasa mchanga, la sivyo vitageuka msasa vyenyewe. Friji isiburutwe. Ipandisheni juu ya blanketi, mvute blanketi.

Mkwaruzo mmoja mmoja ulio mzito hujazwa kwa nta ya kujazia mbao ya rangi inayofanana, ukaikwangua ziada kwa kipande cha plastiki. Weupe uliotandaa haurekebishiki. Ukinunua tena, soma alama kwenye pakiti: AC3 inatosha kwa nyumba ya kawaida, AC4 inafaa mahali penye miguu mingi. Alama hiyo inapima ugumu wa uso tu, wala haimaanishi kwamba ubao unastahimili maji.

*Msimu wa korosho tunabangua nyumbani, Newala. Mafuta ya maganda yamedondoka kwenye laminati na kuacha madoa meusi. (Kijana, Newala)*

Vaa glavu kwanza, maana mafuta ya ganda la korosho hubabua ngozi na unalijua hilo kuliko sisi. Yafyonze kwa karatasi bila kuyasambaza. Kisha lowesha kitambaa kidogo kwa spiriti, ukijaribu kwanza nyuma ya mlango kuona kama uso haufifii, halafu futa kutoka ukingoni mwa doa kuja katikati. Malizia kwa tambara lenye unyevu kidogo, kisha kavu. Spiriti inawaka: fungua madirisha, na jiko la mkaa lisiwe karibu. Usitumie waya wa kusugulia sufuria wala wembe. Doa lililokaa wiki kadhaa huenda likapungua tu bila kwisha. Safari ijayo bangueni nje juu ya turubai.

*Maji ya mvua yaliingia dirishani, Lindi mjini, na chumba kikanuka. Nilichanganya jiki na dawa ya kusafishia choo ili kuua harufu. Nilikohoa sana na macho yakawasha. Nilikosea wapi? (Baba wa watoto watatu, Lindi)*

Ulikosea kwenye mchanganyiko, baba, na tunashukuru kwamba umetoka salama. Dawa nyingi za choo zina asidi, na jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini inayounguza koo na mapafu. Siki ni asidi vilevile. Amonia nayo ikikutana na jiki hutoa gesi nyingine yenye sumu. Ikitokea tena, usiiname kufuta. Toeni watoto nje, fungua milango ukiwa unatoka, na msirudi mpaka harufu iishe. Anayeendelea kukohoa au kubanwa kifua apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Harufu yenyewe inatoka chini ya mbao, ambako jiki haifiki. Kausha maji ya juu kwa matambara makavu, ng'oa skatingi upande wa dirisha, fungua mbao kuanzia ukutani mpaka ufike penye zege kavu. Foamu iliyotandikwa chini ya mbao, ikiwa imelowa, itupwe. Mbao zisizofura zilaze bapa kivulini zipate hewa. Zege liache wazi na feni ikipuliza, ulipime kwa kile kipande cha nailoni tulichomweleza mama wa Shangani, na usirudishie ubao hata mmoja kabla nailoni haijabaki kavu siku nzima.