Seli za figo bila VHL: usilitazame umbo kabla ya kuhakiki jeni

VHL, jeni ya kuzuia uvimbe iliyotambuliwa mwaka 1993 kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 3, hujulikana zaidi kwa kuelekeza HIF (protini inayowasha jeni seli inapokosa oksijeni) ivunjwe pale oksijeni inapotosha. Lakini protini yake pia huimarisha mikrotubuli (nyuzi zinazoipa seli umbo), zikiwemo za siliamu, kijinywele kinachochomoza juu ya seli, na hapo ndipo umbo la seli linapoguswa.

Linganisha seli za 786-O (seli za saratani ya figo zisizo na VHL inayofanya kazi) zilizorudishiwa VHL na 786-O zilizopewa vekta tupu (kibebaji kisicho na jeni hiyo). Ukizilinganisha na seli za figo yenye afya, tofauti nyingine nyingi zitaingia humo na hutajua lipi limeletwa na VHL. Hakiki protini kwa western blot (kipimo kinachoonyesha kama protini ipo) kila unapoyeyusha kichupa kipya cha seli, kwa sababu seli zilizopoteza VHL zaweza kuwapiku wenzao taratibu. Na upime HIF-2α, aina mojawapo ya HIF. 786-O hazina HIF-1α inayofanya kazi, kwa hiyo anayeitafuta hiyo hujidanganya kwamba VHL inafanya kazi vizuri.

Sasa umbo lenyewe. Seli zikiwa chache kwenye sahani, hata zenye VHL hurefuka na kuchongoka. Subiri zishikane na kujaa, kisha zinyime seramu (majimaji ya damu yanayozichochea kugawanyika) kwa saa 24 hadi 48. Siliamu huota seli inapoacha kugawanyika. Ukiharakisha, pande zote mbili zitaonekana hazina siliamu.

Hifadhi seli zilivyo kwa paraformaldehaidi ya 4% kwa dakika 10, ikiwa na joto la 37°C, na PBS (maji ya chumvi) ya kuoshea vilevile. Usiweke sahani juu ya barafu: baridi huyeyusha mikrotubuli nyingi, ukabaki unalaumu jeni. Pitisha Triton ya 0.1% (sabuni inayotoboa utando wa seli), kisha tia rangi tubulini (protini ya mikrotubuli) yenye asetili kuonyesha shina la siliamu, na tubulini ya gama kuonyesha nukta ya chini ambapo shina hilo huanzia. Hesabu tu shina lililoungana na nukta ya chini. Siliamu iliyosimama wima, ukiitazama kutoka juu, ni kidoa tu, kwa hiyo piga picha kwa tabaka. Anayehesabu asijue sampuli ipi ni ipi.

Silia zikibaki kwenye seli za panya zisizo na VHL, usishtuke. Kinase (kimeng'enya) ya GSK3β nayo huzilinda, na mara nyingi siliamu hupotea pale VHL na GSK3β zote mbili zinapozimwa.