Sindano ya kumtuliza farasi dume humzuia pia kuzalisha

Wafugaji wengi hunijia na swali moja. Hakuna anayeniuliza kama ampe dume wake dawa ya kuzuia mimba. Huniambia hivi: "Dume wangu ana fujo, akinusa jike hashikiki, juzi amemuuma saisi begani. Nimesikia kuna sindano ya kumtuliza. Nimdunge?" Na mimi humwuliza kwanza: unataka watoto kwa farasi huyu, leo au miaka mitano ijayo? Maana dawa nyingi zinazoitwa za kutuliza dume hufanya kazi ileile ya uzazi wa mpango. Utulivu unaouona nje unatokana na korodani kulala usingizi ndani.

Nililijua hilo kwa kuchelewa. Nilikuwa na dume wa miaka mitatu, mwekundu mwenye singa nyeusi, mwendo wake ulikuwa unawasimamisha watu waliokuwa wakipita. Nilitaka wapanda farasi wamtumie misimu miwili kisha nimtumie kuzalisha. Lakini kila jike alipoingia kwenye joto, yaani siku za kutaka dume, kazi ilikwama. Mtaalamu mmoja akanishauri chanjo, akasema, "Itamtuliza tu, ukiacha atarudi kama alivyokuwa." Nilimwamini. Sikuuliza atarudi baada ya muda gani, wala atarudi kwa kiasi gani.

Chanjo yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya nguruwe dume, ili nyama yao isiwe na ile harufu mbaya. Kwa farasi dume hutumiwa nje ya matumizi yaliyoandikwa kwenye chupa. Ubongo hutoa homoni inayoitwa GnRH, ambayo huiamuru tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, itoe homoni mbili za kuziendesha korodani. Chanjo huufundisha mwili kuiona GnRH kama adui na kuishambulia. Amri isipofika, testosteroni hushuka, korodani husinyaa, na utengenezaji wa mbegu hupungua au husimama kabisa. Farasi wangu alidungwa mara mbili, wiki nne zikipita katikati. Baada ya sindano ya pili shingo ilivimba, na kwa siku mbili hakuweza kuinamisha kichwa hadi chini. Tulimning'inizia majani kwenye wavu usawa wa kifua ndipo akala.

Alitulia kweli, siwezi kukataa. Msimu ule ulikuwa mzuri.

Kiasi cha miezi tisa baadaye alianza tena kulia akiwaona majike, shingo imepinda, mkia juu. Nikafurahi, nikajua amerudi. Nikampandisha jike wa kwanza. Baada ya siku 21 jike akarudi kwenye joto. Wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Nikawalaumu majike, nikawasafisha vizazi, nikatumia fedha ambazo sikupaswa kutumia. Aliyeona tatizo ni saisi wangu, mzee aliyezeeka na farasi. Siku moja akimwosha alisimama, akaniita: "Mwanangu, njoo ushike hapa. Zilikuwa zinakijaza kiganja changu. Sasa hivi ni kama mpira uliotoka upepo." Nikashika. Alikuwa sahihi.

Daktari wa mifugo alipompima kwa kalipa, kile kifaa cha kubana na kusoma upana, upana wa korodani zote mbili pamoja ulikuwa chini kidogo ya sentimita 7. Dume aliyekomaa anatakiwa afikishe walau 8. Kisha akaniachia hadubini nichungulie. Shahawa nzuri ya farasi huonekana kama maji yanayochemka. Mimi niliona mbegu chache zinajikokota, nyingi zimejikunja mikia, na nafasi tupu katikati. Kipimo kinachotumika sana kwa dume wa kuzalisha ni mbegu bilioni 1 zenye umbo zuri na zinazokwenda mbele, zikihesabiwa katika shahawa ya pili kati ya mbili zinazochukuliwa kwa kupishana saa moja, baada ya wiki ya mapumziko. Wangu hakukaribia hapo.

Kosa langu lilikuwa kudhani hamu na mbegu hurudi siku moja. Hamu huamka mapema, testosteroni ikianza tu kupanda. Mbegu zina kalenda yake. Farasi huchukua siku 57 kutengeneza mbegu moja kuanzia mwanzo, kisha hupita zaidi ya wiki nyingine zikikomaa kwenye mirija iliyo nyuma ya korodani. Kwa hiyo shahawa unayoipima leo inakuonyesha korodani zilivyokuwa miezi miwili iliyopita. Ndiyo maana nawaambia wafugaji wasipime kila wiki, watajiumiza roho bure. Pima, subiri siku 60 hadi 70, pima tena. Na ukiishi penye majira yanayotofautiana sana, kumbuka kuwa korodani hupungua zenyewe siku zinapokuwa fupi, usije ukadhani dawa imerudi kazini.

Kalenda hiyohiyo inafanya kazi upande wa pili pia. Dume aliyedungwa juzi bado ana mbegu, na anaweza kumtia jike mimba. Usimwachie kundi la majike eti kwa sababu amechanjwa. Isitoshe, madume wakubwa waliozoea kupanda mara nyingi huendelea kupanda kwa mazoea hata homoni zikiwa chini, wakati vijana ndio dawa huwashika zaidi. Yaani yule mwenye umri wa kukuzalishia miaka mingi ndiye anayeathirika sana.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Dume akionekana amepungukiwa mbegu, utamsikia mtu akisema mdunge testosteroni, ataamka. Tafadhali usifanye hivyo. Ndani ya korodani testosteroni huwa nyingi mara nyingi zaidi kuliko ile iliyo kwenye damu, na mbegu hutegemea hiyo ya ndani. Ukimwaga nyingine kwenye damu kwa sindano, ubongo huona imetosha, huacha kutuma amri, na korodani huacha kujitengenezea ya kwao. Dume atakuwa mkali, misuli itajaa, na mbegu zitazidi kupotea. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya jaribio la kuzuia mimba ambapo wanaume walidungwa miligramu 200 za testosteroni enanthati kila wiki. Dawa ileile mtu anayotaka kumpa dume ili azalishe! Steroidi za kujenga misuli zina madhara ya namna hiyohiyo, kwa hiyo ukinunua dume aliyejaa misuli kupita umri wake, uliza alipewa nini kabla hujalipa.

Kuna na altrenojesti, dawa ya homoni, ile ya mafuta inayotiwa mdomoni kila siku, iliyotengenezwa kwa majike. Kwa dume nayo hushusha testosteroni na mbegu, na sheria za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, huiruhusu mashindanoni kwa majike tu. Hupenya ngozi ya binadamu, kwa hiyo vaa glavu, na mwanamke mjamzito asiiguse kabisa. Vipandikizi vinavyozima korodani za mbwa usivitegemee, pituitari ya farasi dume haizimiki kwa urahisi huo.

Kwa hiyo nikiulizwa leo, kama dume si wa kuzalisha, nasema mhasi. Jeraha hupona, akili hutulia, na kila mtu anajua farasi huyu ni nani. Kama ni wa kuzalisha, jaribu kwanza mtunzaji mwenye mkono mzuri, zizi lililo mbali na majike, na kazi ya kutosha. Ukiona lazima dawa, basi mpime korodani na shahawa kabla, andika tarehe, na ugandishe shahawa yake ya kutosha wakati bado ni nzima. Laiti ningefanya hilo moja tu.

Wangu alichukua miezi kumi na saba tangu sindano ya pili hadi kurudi sawa. Kalipa ilisoma sentimita 8 na nusu, na jike wa kwanza kupimwa kwa ultrasaundi siku ya 16 alikuwa na mimba. Mzee saisi ndiye aliyekuwa ameshika lijamu yake, na alipoona kile kiduara cheusi kwenye skrini hakusema neno, alimpapasa jike shingoni tu. Hadi leo simpi dume yule majike wengi kwa msimu, na kila baada ya miezi miwili namrudisha kwenye kipimo.