Pointi Nne Pungufu: Kanuni za Shahada ya Uhandisi Nilizozisoma Nikiwa Nimechelewa

Jumamosi iliyopita, saa nne usiku, nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji aliye mwaka wa pili wa uhandisi ujenzi. Aliandika: "Shikamoo dada injinia. Nimepimwa leo, nina malaria. Jumatatu asubuhi nina UE ya nadharia ya miundo, na muda umeniishia. Naomba unielekeze mada za kukazia." UE ni mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula. Nilimjibu kwamba mada aziache, ameze dawa, alale, na kesho yake asubuhi aende kituo cha afya cha chuo akaombe cheti cha daktari cha kuahirishia mtihani. Alishangaa. Akaniuliza kama jambo hilo linaruhusiwa. Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi usiku ule, kwa sababu mwaka 2013 mimi sikuwa na mtu wa kumwuliza, na hata angekuwapo, kwa kiburi nilichokuwa nacho, nadhani nisingemwuliza.

Nilijiunga na shahada ya uhandisi ujenzi mwaka 2012, katika chuo ambacho sitakitaja. Darasani tulikuwa wanafunzi 84, wasichana tukiwa 7. Wiki ya kwanza tulipewa ratiba, kitambulisho na kitabu chembamba cha kanuni za masomo na mitihani, kisha tukatia saini fomu inayosema kwamba tumekisoma na tumekielewa. Nilitia saini nikiwa nimesimama kwenye foleni, nikitumia mgongo wa mwenzangu kama meza. Kitabu chenyewe nilikifanya kawa ya kufunikia sufuria ya wali katika bweni ambalo kitabu hichohicho, kama nilivyokuja kugundua baadaye, kilikuwa kimepiga marufuku kupikia ndani yake.

Muhula wa pili ulipofika mitihani, malaria ilinikamata siku tatu kabla ya mtihani wa nguvu za mata, somo la jinsi vifaa vya ujenzi vinavyohimili mizigo. Somo hilo lilikuwa na krediti 12, na kwa wasioufahamu mfumo huu, krediti ni uzito wa somo: kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka 4 inahitaji krediti zisizopungua 480. Somo la krediti 12 basi ni somo zito. Nilikuwa na homa inayopanda jioni na kushuka asubuhi, mdomo mchungu, magoti hayanibebi, na bado sikufikiria hata mara moja kwenda kuomba kuahirishiwa. Katika darasa lile, msichana akikosa mtihani maneno yalikuwa tayari yameshaandaliwa. Mama naye aliponipigia simu aliniambia nijikaze kisabuni, mitihani haingoji mtu. Nikajikaza. Nakumbuka nikichora mchoro wa nguvu za mkasi kwenye boriti huku mistari ikicheza mbele ya macho yangu, na nakumbuka nikijivunia, wakati ninatoka ukumbini, kwamba nimemaliza saa zote 3.

Nilipata jumla ya alama 38, yaani D, kwa kuwa chuoni kwetu kufaulu kulianzia 40. Nikapangiwa sapu, yaani mtihani wa marudio, mwezi Septemba. Niliisomea sapu ile kuliko nilivyowahi kusomea kitu chochote maishani, na niliifanya vizuri. Baadaye mhadhiri mwenyewe aliniambia kwamba nilipata 67. Kwa viwango vya kawaida hiyo ni B+, ambayo ina pointi 4. Matokeo yalipobandikwa niliona C, yenye pointi 2.

Nilikwenda kwa mkuu wa idara nikiwa nimeandaa hotuba. Hakunikatiza. Nilipomaliza alifungua kitabu kile chembamba, akaweka kidole kwenye aya moja na kunigeuzia nisome mwenyewe: mwanafunzi anayefaulu mtihani wa sapu hupewa C, hata angepata alama 100. Kisha akashusha kidole hadi aya iliyofuata, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Ilisema kwamba mwanafunzi mwenye ugonjwa uliothibitishwa na kituo cha afya cha chuo anaweza kuahirishiwa mtihani, akaufanya wakati wa sapu, na ukahesabiwa kuwa ndio mtihani wake wa kwanza, kwa alama zake kamili. Maana yake ni kwamba karatasi ileile ya Septemba, kwa mikono ileile, ingenipa pointi 4 badala ya 2 kama mwezi Julai ningekubali kuwa ninaumwa. Akaniuliza kama nilikuwa nimesoma kanuni hizo. Nikasema hapana. Akasema, bila ukali wowote, "Lakini ulitia saini kwamba umesoma."

Siku hizo nilimchukia sana mzee yule. Leo, baada ya miaka mingi ya kusoma mikataba ya ujenzi ambayo kila aya yake inaweza kumtia mtu hasarani, naona kwamba alinifundisha somo ambalo halikuwa kwenye ratiba, ingawa bado nadhani angeweza kunifundisha kwa namna isiyoniuma kiasi kile.

Ungedhani kwamba baada ya hapo nilikariri kitabu kizima. Sikukariri. Nilisoma ukurasa wa sapu, nikalia, nikakifunga. Ndiyo maana mwaka uliofuata nilianguka kwenye ukurasa mwingine, ule wa mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wote tuliyaita PT.

PT ya mwaka wa pili ilikuwa ya wiki 8, kwenye mradi wa barabara mkoani. Mnaosoma uhandisi mnajua raha ya PT: kwa mara ya kwanza unaona kwamba kumbe zege lina harufu, kwamba kumbe kipimo cha mshuko wa zege unachokikariri darasani hupimwa na fundi ambaye hakwenda kidato cha nne na anakukosoa kwa haki kabisa. Nilifanya kazi kwa moyo. Nilibeba vifaa vya mpima ardhi, nilihesabu malori ya kifusi, nilipanda magari ya kokoto, nilichomwa na jua hadi nikabadilika rangi. Kitu pekee ambacho sikufanya ni kuandika. Logibuku, daftari la kumbukumbu za kazi, ilitakiwa kujazwa kila siku na kutiwa saini na msimamizi wa mradi kila mwisho wa wiki. Mimi nilijiambia kwamba kazi ndiyo muhimu, karatasi zitafuata.

Zilifuata usiku wa mwisho, kwenye chumba cha nyumba ya wageni, kwa kalamu moja ya bluu, wiki zote 8 kwa mkupuo. Nilibuni hali ya hewa. Nilipanga kazi kwa mtiririko wa kupendeza, leo msingi, kesho nondo, keshokutwa zege. Msimamizi alikuwa amesafiri, hivyo saini 8 zilipatikana kwa siku moja kutoka kwa msaidizi wake, na ripoti ikafika chuoni ikiwa imechelewa siku 9. Mhadhiri aliyeisahihisha alikuwa na jicho la mwewe. Aliizungushia duara jekundu tarehe moja tu, 8 Agosti 2014, ambapo nilikuwa nimeandika kwamba tulimwaga zege la kalavati kuanzia saa mbili asubuhi. Pembeni aliandika: "Nane Nane?" Ilikuwa siku ya mapumziko ya kitaifa, eneo zima la mradi lilikuwa limefungwa na mimi nilikuwa kwenye viwanja vya maonyesho nikila mahindi ya kuchoma. Nilipata C.

PT ilikuwa na krediti 8, nami nilijifariji kwamba si nyingi. (Wiki 8 za saa 40 ni saa 320, ambazo kwa hesabu ya saa 10 kwa krediti zingepaswa kuwa krediti 32. Sijawahi kupata maelezo ya kuridhisha kuhusu jambo hilo, nami nimeuliza.)

Miaka ya tatu na ya nne naiacha, kwa sababu ilikuwa ya kawaida: majaribio, maabara, mradi wa mwaka wa mwisho, kukesha. Niliacha kufanya makosa makubwa na alama zangu zilipanda. Twende kwenye hesabu ya mwisho, kwani hapo ndipo kila kitu kilipokutana. GPA, yaani wastani wa pointi za masomo yote, hupatikana kwa kuzidisha pointi za kila somo kwa krediti zake, kujumlisha, kisha kugawanya kwa jumla ya krediti zote. Daraja la kwanza huanzia 4.4, daraja la pili la juu huanzia 3.5, la pili la chini huanzia 2.7, na ufaulu wa kawaida huanzia 2.0. Kwa krediti 480, anayetaka 3.5 anahitaji jumla ya pointi 1,680. Mimi nilikuwa na 1,676. Ukigawanya unapata 3.49 na ushee. Mtu yeyote aliyefundishwa kukadiria shuleni angesema hiyo ni 3.5. Kanuni ya chuo chetu ilisema GPA hukatwa baada ya desimali moja, haikadiriwi. Nikaandikiwa 3.4, daraja la pili la chini.

Nilipungukiwa pointi 4. Sapu ile ya nguvu za mata ilininyima pointi 24 (pointi 2 mara krediti 12). PT, kama ningepata B tu, yenye pointi 3, ingeniongezea pointi 8. Lolote kati ya hayo mawili lingetosha peke yake. Nimezifanya hesabu hizi mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili timamu, na kila mara jibu ni lilelile.

Wapo watakaosema kwamba daraja halina maana kazini, na kwa sehemu ni kweli. Bodi ya Usajili wa Wahandisi haikuniuliza daraja langu. Nilisajiliwa kama mhandisi mhitimu, nikapitia SEAP, mpango wa mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu, wa miaka 3 chini ya usimamizi wa wahandisi waliobobea, nikaandika kumbukumbu zangu kila wiki kwa kalamu za rangi mbalimbali (msicheke), nikahojiwa, na leo nina muhuri wa mhandisi mtaalamu wenye jina langu. Ninapoupiga kwenye mchoro sijawahi kusikia mtu akiuliza kuhusu 3.4. Lakini kabla ya kufika hapo nilikutana na matangazo ya kazi na ya ufadhili yaliyotaka daraja la pili la juu, na kila moja lilinifungia mlango kabla sijagonga. Anayetaka kubaki chuoni kufundisha anahitaji GPA ya 3.8, hivyo hilo nililiondoa kabisa kwenye ndoto zangu. Msidanganyane kwamba tarakimu hizo ni za kupamba cheti.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoanza, someni kanuni. Zisomeni kama mtakavyosoma viwango vya usanifu wa zege, ambapo hakuna mhandisi anayebuni unene wa tabaka la kufunika nondo kwa sababu anajisikia hivyo. Jueni mapema kila somo lina krediti ngapi, kwa sababu kuna wanaokesha kwa ajili ya somo la krediti 6 huku la krediti 12 likiwaporomokea. Jueni mnatakiwa muwe na alama ngapi za muhula kabla ya kuruhusiwa kuingia kwenye UE. Jueni ni GPA gani ya mwaka ambayo mtu akiwa chini yake hapewi hata sapu, anadisko moja kwa moja, yaani anaondolewa chuoni. Kwetu ilikuwa 1.8, na kuna rafiki yangu aliyekuwa na 1.7 na masomo mawili tu ya kurudia, akafungasha virago akiamini hadi dakika ya mwisho kwamba atafanya sapu. Jueni somo la keri, yaani ulilofeli na kulibeba hadi mwaka mwingine, litagongana na ratiba gani ya mwaka unaofuata. Na mkiona matokeo hayaeleweki, andikeni barua ndani ya siku zilizotajwa, kwa maana malalamiko ya korido hayana tarehe ya kupokelewa wala namba ya jalada. Someni kanuni za mwaka wenu, si za kaka aliyemaliza miaka mitano iliyopita, maana hubadilishwa.

Na wasichana, nanyi niwaambie kwa kuwa hakuna aliyeniambia mimi: kuomba haki iliyoandikwa si kudeka. Wale niliokuwa ninaogopa watanisema, wawili kati yao waliahirisha mitihani yao mwaka uleule wakiwa na vyeti vya daktari, mmoja kwa jino, na hakuna aliyewasema.

Kijana wangu wa Jumamosi aliniandikia tena Jumatatu mchana. Alikwenda kituo cha afya Jumapili, akapewa cheti, na Jumatatu asubuhi, kabla mtihani haujaanza, alikuwa ofisini kwa idara na fomu yake. Katibu alikuwa amemwambia aache karatasi zote halisi juu ya meza, zitashughulikiwa mkuu wa idara akirudi, naye akawa anauliza kama aziache tu aende kulala. Nilimwambia asiziachie kabla hajazitoa kopi tatu, na kopi mojawapo igongwe muhuri wa kupokelewa ikiwa na tarehe ya siku ile. Alijibu kwamba mashine ya kopi iko ng'ambo ya barabara na homa haijaisha. Nikamwambia aende polepole.