Fundi cherehani na belo la mtumba

SWALI: Shikamoo mzee. Nashona hapa Kirumba, Mwanza. Shati jeupe la shule, nikipiga hesabu ya kitambaa, uzi, vifungo na umeme, silitoi chini ya elfu kumi na mbili. Mama mwenye mtoto anakwenda soko la Mlango Mmoja, anapata la mtumba kwa elfu tatu. Mwaka 2016 tulisikia redioni kuwa marais wa Afrika Mashariki wamekubaliana mtumba uishe. Mbona belo bado zinashushwa? – Fundi, Kirumba

JIBU: Marahaba, fundi. Ulisikia sawasawa. Mtumba ulikuwa uwe umekwisha ifikapo 2019, na sisi tunaoishi na pamba mlangoni tulishangilia kweli.

Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu huko Marekani kikaenda kulalamika kwa serikali yao. Serikali ikatukumbusha AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa kwao bila ushuru: mkiufunga mlango wenu, na wetu tutautazama upya. Tanzania, Uganda na Kenya zikalegeza. Rwanda ikagoma, ilikuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na haikuushusha. Julai 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha huo. Ilikuwa ikiuza nguo chache tu Marekani, hivyo iliweza kuvumilia kununiwa.

Lakini Mmarekani tusimbebeshe mzigo wote. Nenda Mlango Mmoja asubuhi belo linapokatwa kamba. Kuna mwenye kizimba, mpiga pasi, mbeba mzigo, mama wa uji, na wanawake wanaogombania magauni ya juu kabla hayajaisha. Wote hao wana vitambulisho vya kupigia kura. Sasa niambie, mgombea gani atapanda jukwaani awaambie kuwa shati linapanda bei? Ninyi mafundi mmetawanyika, mmoja mmoja kwenye vibaraza, na chama hamna. Ushuru wa asilimia 35 upo, belo linaulipa, na bado linakushinda.

Kwa hiyo shati jeupe liache. Shika sketi na sweta za rangi ya shule yenyewe, zenye nembo. Hizo belo halina. Tena usiuchukie mtumba sana. Suruali niliyovaa nikikuandikia ni ya huko huko, ilikuja na kiuno cha mtu mnene wa Ulaya. Aliyeipunguza ni fundi wa kibarazani, na alinitoza elfu mbili bila huruma.