Kuendesha baiskeli peke yako Malindi hadi Gede: ubebe nini cha kukutambulisha

Dada, nimekuelewa: unatoka Malindi alfajiri kwa baiskeli hadi Gede, peke yako, simu ina nywila, na kitambulisho unakiacha nyumbani kisipotee. Una pumu na penisilini inakudhuru. Wasiwasi wako una msingi. Matatu na malori hukimbia sana kwenye barabara ile.

Kitambulisho kiache hukohuko. Nenda kwa sonara akuchongee kibati kidogo kisichoshika kutu, ukivae mkononi au shingoni: jina lako, namba mbili za simu za jamaa, kisha "PUMU. ASIPEWE PENISILINI." Hilo la dawa ndilo muhimu kuliko yote, maana ukizimia huwezi kulisema. Kundi la damu si lazima. Hospitali hupima yenyewe kabla ya kukuongeza damu. Karatasi iliyotiwa plastiki nayo yafaa, ila jasho na unyevu wa pwani huingia pembeni, wino ukatapakaa. Na usiiweke kwenye mkoba wa baiskeli: majeruhi hubebwa, baiskeli hubaki barabarani.

Kwenye simu, jaza taarifa za dharura zinazosomeka bila nywila. Namba ya kitambulisho usiiandike popote, matapeli wapo.

Jamaa uliowaandika waambie mapema, wawe na 999, 112 na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Dawa ya kuvuta isikutoke mfukoni. Kabla ya kuchonga, muone daktari athibitishe huo mzio, kwani wengi huambiwa utotoni na hawapimwi tena.